Marekani: Bastola kiunoni, tangazo mlangoni

KATIKA jimbo la Texas, nchini Marekani, mlango wa kawaida wa duka, zahanati au kanisa unaweza kuwa na matangazo matatu yaliyobandikwa kwenye kioo, yote yakihusu bunduki, na kila moja likimlenga mtu tofauti. La kwanza linamzuia mwenye silaha asiye na leseni ya kuibeba. La pili linamzuia mwenye leseni aliyeificha bastola ndani ya nguo. La tatu linamzuia mwenye leseni aliyeiacha bastola ionekane. Mwenye duka akibandika moja tu kati ya hayo, wale wengine wawili wanaweza kuingia na silaha zao bila kuvunja sheria.

Kwa msomaji wa Nairobi aliyezoea kupekuliwa na mlinzi kabla ya kuingia katika maduka makubwa, hasa tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67, utaratibu wa kumzuia mwenye bastola kwa karatasi unaweza kuonekana kama mzaha. Si mzaha. Faini na kifungo hutegemea ukubwa wa herufi za tangazo hilo, lugha lililoandikwa na mahali lilipobandikwa. Na nyuma ya karatasi hizo kuna swali ambalo mahakama za Marekani zimelivutania kwa miaka kadhaa: mwenye mali asiposema lolote, ukimya wake una maana gani?

Chanzo cha yote ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo yanalinda haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha. Kwa karne mbili wanasheria walibishana iwapo haki hiyo ni ya kila mtu au ni ya vikosi vya mgambo vya majimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller iliyotoka jijini Washington, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa ni haki ya mtu binafsi, angalau ndani ya nyumba yake na kwa ajili ya kujilinda. Miaka miwili baadaye, katika kesi iliyotoka Chicago, mahakama hiyo ilisema kuwa majimbo na miji nayo yanafungwa na haki hiyo.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Juni 23, 2022, katika kesi ya Bruen. Sheria ya jimbo la New York, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1911, ilimtaka mwombaji wa leseni aoneshe sababu maalumu ya kutaka kutembea na bastola. Hofu ya kawaida ya wahalifu haikutosha. Kwa kura sita dhidi ya tatu, Mahakama ya Juu iliibatilisha. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu hiyo, alisema haki ya kujilinda haiishii kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu. Aidha, aliweka kipimo kipya: serikali ikitaka kudhibiti silaha, ni lazima ioneshe kuwa udhibiti huo unalingana na desturi ya kihistoria ya taifa hilo. Tangu hapo mawakili wa pande zote wamelazimika kuwa wanahistoria, wakipekua sheria za karne ya 18 kutafuta kinachofanana na duka kubwa la kisasa.

Hata hivyo, hukumu hiyo haikufungua kila mlango. Majaji walikiri kuwa yapo maeneo nyeti, kama vile shule, majengo ya serikali, vituo vya kupigia kura na mahakama, ambamo silaha zinaweza kupigwa marufuku. Walionya tu kwamba jimbo haliwezi kukitangaza kisiwa kizima cha Manhattan kuwa eneo nyeti kwa sababu tu kina watu wengi na polisi wengi. New York ilijibu haraka. Julai 1, 2022, siku chache baada ya hukumu, ilipitisha sheria mpya yenye orodha ndefu ya maeneo yaliyokatazwa, likiwamo eneo maarufu la Times Square, ambako mabango ya kuwatahadharisha wenye silaha yaliwekwa barabarani.

Upande mwingine wa nchi ulikuwa ukielekea kinyume. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yameruhusu watu wazima wasio na kizuizi cha kisheria kubeba bastola hadharani bila leseni yoyote.

Katika mvutano huo wote, jambo moja husahaulika kirahisi. Katiba huifunga serikali. Haimfungi mwenye mgahawa. Haki ya kubeba bastola barabarani haimpi mtu haki ya kuingia nayo sebuleni kwa jirani, wala dukani kwa mtu ambaye hataki silaha. Mwenye mali ana haki ya kukataa, haki ambayo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Kinachotofautiana kati ya jimbo na jimbo ni namna ya kukataa, na adhabu ya asiyesikia.

Herufi za inchi moja

Texas inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna jimbo lililoandika mambo haya kwa undani zaidi yake, na kwa kuwa historia yake si ile ambayo wengi huidhani. Jimbo hilo la wachunga ng'ombe lilipiga marufuku kubeba bastola hadharani mwaka 1871, na marufuku hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 120.

Iliyoivunja ni damu. Oktoba 16, 1991, mtu mmoja aligonga kwa gari lake ukuta wa kioo wa mkahawa wa Luby's, mjini Killeen, akashuka na kuanza kuwafyatulia risasi waliokuwa wakila. Watu 23 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo wazazi wote wawili wa Suzanna Hupp, ambaye bastola yake mwenyewe ilikuwa ndani ya gari lake nje ya mkahawa, alikoiacha kwa sababu sheria ilimkataza kutembea nayo. Mama huyo alizunguka majimbo mengi akitoa ushahidi, na mwaka 1996 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Wakati huo sheria ilikuwa imeshabadilika: gavana George W. Bush alitia saini mwaka 1995 sheria ya kuruhusu wenye leseni kubeba bastola kwa kificho, ikaanza kutumika Januari 1, 1996. Januari 1, 2016 wenye leseni waliruhusiwa kuibeba waziwazi, na Septemba 1, 2021 hitaji la leseni lenyewe likaondolewa kwa watu wengi wenye umri wa miaka 21 na kuendelea.

Kila mlango wa sheria uliofunguliwa ulizaa tangazo lake. Wenye maduka walihitaji njia ya kukataa, na wabeba silaha walihitaji kuhakikishiwa kuwa hawatafungwa kwa kibandiko kidogo kilichofichwa nyuma ya chungu cha maua. Ndipo Bunge la Texas likaandika masharti yanayofanana na ya fundi mabango: maneno ni lazima yawe yale yale yaliyomo katika sheria, yawe kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi kubwa zenye kimo kisichopungua inchi moja, yaani takriban sentimita mbili na nusu, kwa rangi inayotofautiana wazi na ya nyuma yake, na tangazo liwe mahali ambapo kila mtu analiona. Matokeo yake ni ubao mpana kuliko gazeti lililofunguliwa, na mwenye kutaka kuwazuia watu wa aina zote tatu anahitaji mbao tatu. Picha ndogo ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu haitimizi masharti ya mwenye leseni, hata kama maana yake inaeleweka kwa kila mwenye macho.

Adhabu nayo ina ngazi. Anayepita kwenye tangazo sahihi akiwa na bastola hutenda kosa dogo ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi dola 200 za Marekani. Lakini akiambiwa kwa mdomo aondoke na akakaidi, kosa hupanda hadi kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 4,000. Tangu mwaka 2019, mwenye leseni anayeondoka mara tu anapoambiwa ana utetezi mahakamani. Kwa maneno mengine, sheria inalipa sauti ya binadamu uzito kuliko karatasi.

Baa zina utaratibu wao. Biashara inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kutokana na pombe inayonywewa hapo hapo hubandika tangazo lenye namba "51%" kwa rangi nyekundu. Humo mwenye baa hana la kuchagua. Kuingia na bastola ni kosa kubwa la jinai, ambalo adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka miwili hadi kumi. Mgahawa jirani unaouza chakula zaidi ya bia hauna marufuku hiyo. Mteja hawezi kujua hesabu za mwenye biashara, hivyo namba ile nyekundu ndiyo humwambia yuko wapi.

Makanisa na misikiti yamepitia mabadiliko ya aina yake. Sheria iliyoanza Septemba 1, 2019 iliyaweka wazi katika kundi la maeneo ya kawaida: silaha inaruhusiwa mpaka wenyewe waikatae. Miezi minne haikuisha. Desemba 29, 2019, katika kanisa moja la mji wa White Settlement, mtu aliyekuwa na bunduki aliwaua waumini wawili wakati wa ibada, naye akapigwa risasi na kuuawa na muumini wa kikosi cha ulinzi cha kanisa hilo, yote hayo katika sekunde sita hivi. Wanaounga mkono sheria hiyo huitaja siku hiyo kila mara. Wanaoipinga huuliza aliwezaje mtu kuketi kanisani na bunduki chini ya koti.

Ombi si marufuku

Makampuni makubwa yamekuwa na tahadhari zaidi kuliko makanisa. Agosti 3, 2019, mtu mwenye bunduki alishambulia duka la Walmart mjini El Paso, Texas, na kuua watu 23. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kuwa inawaomba wateja wasibebe silaha waziwazi ndani ya maduka yake. Neno lililotumika lilichaguliwa kwa makini: kuomba. Kampuni ya kahawa ya Starbucks ilifanya hivyo hivyo mwaka 2013, pale mkuu wake, Howard Schultz, alipowaandikia Wamarekani barua ya wazi.

Tofauti ni kubwa kisheria. Ombi lisilofuata masharti ya tangazo halimfanyi mteja kuwa mhalifu. Linaepusha pia balaa la mfanyakazi wa kaunta, anayelipwa kwa saa, kutakiwa kumfukuza mtu mwenye bastola.

Kisa kinachoonesha vizuri zaidi ugumu wa jambo hili ni cha Maonesho ya Jimbo la Texas, yanayofanyika kila mwaka jijini Dallas. Oktoba 2023 mtu mmoja alifyatua risasi katika viwanja vya maonesho hayo na kujeruhi watu watatu. Agosti 2024 waandaaji walitangaza kuwa hakuna atakayeingia na silaha, mwenye leseni na asiye nayo. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, aliwashitaki pamoja na jiji la Dallas. Hoja yake ilikuwa kwamba viwanja vya Fair Park ni mali ya jiji, na sheria ya Texas hairuhusu serikali kumzuia mwenye leseni kuingia katika mali ya umma isipokuwa katika maeneo yaliyotajwa. Waandaaji, ambao ni taasisi binafsi isiyo ya kibiashara, walijibu kuwa wao ni wapangaji, na mpangaji ana mamlaka ya kuamua nani aingie. Jaji wa wilaya alikataa kuisimamisha marufuku, na mwishoni mwa Septemba 2024, siku moja kabla ya milango kufunguliwa, Mahakama ya Juu ya Texas nayo ilikataa kuingilia kati. Wageni waliingia bila bastola.

Nje ya Texas, mambo hubadilika mara tu mtu avukapo mpaka. Illinois, iliyokuwa jimbo la mwisho kuruhusu kubeba kwa kificho mwaka 2013, iliagiza tangazo la aina moja kwa jimbo zima: inchi nne kwa sita, mandhari meupe, picha ya bastola ndani ya duara jekundu lenye mstari. Picha ile ile isiyomfunga mwenye leseni wa Texas inatosha kisheria mjini Chicago. Yapo pia majimbo ambamo tangazo peke yake halina nguvu ya jinai. Kosa huanza pale mwenye mali anapomtaka mtu aondoke naye akakataa, na kosa lenyewe huwa ni kuingia kwa jinai, sawa na kwa mtu yeyote asiye na silaha. Leseni ya jimbo moja, isitoshe, si lazima itambuliwe na jingine.

Ukimya wa mwenye mali

Mifumo hiyo yote ina jambo moja la pamoja: mwenye mali asiponena, mwenye bastola anaingia. Baada ya hukumu ya Bruen, majimbo kadhaa yaliupindua utaratibu huo. Hawaii, kwa sheria iliyotiwa saini na gavana Josh Green Juni 2023, iliweka kuwa mtu mwenye leseni haruhusiwi kuingia na silaha katika mali binafsi iliyo wazi kwa umma, iwe duka, hoteli au kituo cha mafuta, mpaka mwenyewe aseme ndiyo, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa tangazo. New York, New Jersey, Maryland na California nazo zilitunga kanuni za namna hiyo. Wapinzani wakaibatiza kwa jina la yule mnyonya damu wa hadithi za Kizungu, ambaye hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba bila kukaribishwa.

Kwa mtazamo wa kwanza tofauti ni ya karatasi tu: nani anunue tangazo, anayekataa au anayekubali. Kwa kweli hapo ndipo penye uzito wote, kwa sababu wenye maduka wengi hawabandiki chochote, ama kwa kuogopa kuwaudhi wateja ama kwa kutolifikiria. Ukimya ukihesabiwa kuwa ridhaa, karibu jiji zima liko wazi kwa mwenye bastola. Ukihesabiwa kuwa katazo, haki iliyotangazwa mwaka 2022 hubaki kuwa haki ya kutembea kando ya barabara bila kuingia popote.

Mahakama za rufaa za shirikisho ziligawanyika. Ile yenye makao New York iliikataa kanuni ya jimbo hilo kwa maeneo yaliyo wazi kwa umma, Desemba 2023 na tena Oktoba 2024. Ile ya Magharibi iliikubali kanuni ya Hawaii Septemba 2024, lakini katika hukumu hiyo hiyo ikaikataa ya California, kwa kuwa ilidai ruhusa itolewe kwa tangazo pekee, ilhali Hawaii ilikubali hata neno la mdomo. Katika kuitetea Hawaii, majaji walitegemea sheria mbili za kale: ya New Jersey ya mwaka 1771 na ya Louisiana ya mwaka 1865.

Wakosoaji walizishika sheria hizo mbili kwa nguvu zote. Ya New Jersey, walisema, ililenga wawindaji haramu waliokuwa wakiingia katika mashamba ya watu. Ya Louisiana ni mbaya zaidi: ilitungwa mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, miongoni mwa sheria zilizokusudiwa kuwanyang'anya silaha Weusi waliokuwa wametoka utumwani, na mashamba yaliyotajwa humo yalikuwa ya mabwana wao wa jana. Kwamba sheria ya namna hiyo inaweza kutajwa mahakamani karne moja na nusu baadaye kama ushahidi wa desturi njema ni udhaifu wa kipimo cha historia ambao hata baadhi ya wanaokipenda hawaukani. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kuisikiliza kesi hiyo ya Hawaii, inayojulikana kwa jina la Wolford.

Juu ya sheria za majimbo yote zipo za serikali ya shirikisho. Katika majengo yake, kama ofisi za kodi na za hifadhi ya jamii, silaha ni marufuku, ingawa hata serikali hiyo ilijifunga na karatasi: mtu hawezi kutiwa hatiani kama tangazo halikuwekwa mlangoni, isipokuwa ithibitike kuwa alijua. Katika viwanja vya ndege hakuna utetezi wa kutoona tangazo, lakini watu husahau. Mwaka 2024 wakaguzi walikamata silaha 6,678 kwenye mizigo ya mkononi ya abiria, nyingi zikiwa na risasi ndani.

Mtego mbaya zaidi hauna tangazo kabisa. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka kwenye viwanja vya shule, na katika mji wenye shule nyingi umbali huo hufunika barabara nyingi. Mwenye leseni ya jimbo husika amesamehewa. Anayebeba bila leseni, hata kama jimbo lake linamruhusu, hakusamehewa, na adhabu inaweza kufika miaka mitano gerezani. Hiyo ni mojawapo ya sababu za Wateksasi kuendelea kuomba leseni ambayo jimbo lao haliidai tena.

Kwa familia za Afrika Mashariki zenye watoto katika vyuo vya Houston au Dallas, kifungu kinachowahusu zaidi ni kingine. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ikiwamo ya mwanafunzi au ya mtalii, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Aliyepitisha muda wake nchini humo hana hata nafuu hiyo. Adhabu, tangu mwaka 2022, ni hadi miaka 15 gerezani. Mwanafunzi anayeazimwa bastola na rafiki yake Mmarekani ili aende nayo dukani amekwisha kutenda kosa kabla hajaufikia mlango wenye tangazo. Mwenye ukaazi wa kudumu hakatazwi, na anaweza kuomba leseni ya Texas kama raia.